Nuru Inayobeba Mshahara: Leza, Waya wa Kioo na Kufuli la Siri

Zamani mshahara ulikuwa kitu cha kushika. Mwisho wa mwezi tulipanga mstari mbele ya dirisha la karani, tukatia sahihi au dole gumba, kisha tukahesabu noti zetu pale pale. Kama noti moja ilipungua, tulijua wa kumuuliza. Siku hizi wengi wetu hatuoni tena dirisha hilo. Mshahara huingia katika simu au benki, na kutoka hapo huenda kwa wazazi, kwa karo ya watoto na kwa mwenye nyumba, bila noti hata moja kupita mkononi.

Tuchukue mfano wa mwenzetu mmoja, kibarua katika kiwanda cha maziwa mjini Mbarara. Mama yake anaishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958, kwa hiyo ni ya zamani kuliko uhuru wa Uganda. Leo yana zaidi ya watu laki moja, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na Kiswahili husikika sokoni kila siku. Jumamosi jioni kijana huyu anabonyeza simu yake na kumpelekea mama shilingi elfu hamsini. Haupiti muda mrefu, simu ya mama inalia. Fedha zimefika.

Je, fedha hizo zimepita wapi? Nani angeweza kuzichukua njiani? Na kama zikipotea, hupotea sehemu gani ya safari? Mfanyakazi anayejua majibu ya maswali haya si rahisi kuibiwa. Kwa hiyo katika makala hii tutaifuata njia hiyo hatua kwa hatua.

FEDHA HAZISAFIRI

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: hakuna fedha inayosafiri. Kinachosafiri ni ujumbe. Simu ya kijana inaiambia kompyuta ya kampuni ya simu: "Punguza elfu hamsini katika daftari langu, ongeza elfu hamsini katika daftari la mama." Kompyuta inakubali, inaandika, na kutoa habari kwa pande zote mbili. Basi mwizi wa siku hizi hana haja ya kuvunja sanduku la fedha. Akiweza kutoa amri kwa jina lako, kompyuta itamtii kama inavyokutii wewe.

Ujumbe ukitoka kwenye simu huenda kwa mawimbi ya redio hadi mnara ulio karibu. Minara mingi ya vijijini hupokezana ujumbe kwa redio, mnara kwa mnara, mpaka ufike mahali palipo na waya wa kioo. Wenzetu wa Tanzania huuita mkongo. Waya wa namna hiyo umefukiwa ardhini kandokando ya barabara kuu kutoka Kampala kupita Masaka na Mbarara hadi Kabale na mpaka wa Katuna. Wengi wetu tuliiona mitaro yake ikichimbwa, na wengine tuliichimba kwa mikono yetu.

Ndani ya waya huo hamna umeme wa kubeba maneno kama katika waya wa simu za zamani. Mna nuru, tena nuru ya namna ya pekee, iitwayo leza.

LEZA NI NINI?

Kila kitu duniani kimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Atomu ikipewa nguvu, kwa joto, kwa umeme au kwa mwanga, hupanda ngazi moja juu, kama mtu aliyepandishwa ndoo ya maji kwenye rafu. Lakini haikai juu siku zote. Baada ya muda mfupi hushuka, na ile nguvu iliyopewa huitoa nje kama chembe ya nuru.

Katika taa ya kawaida kila atomu hushuka kwa wakati wake na kuelekeza nuru yake inakotaka. Ni kama watu wanaotoka sokoni: huyu aenda kaskazini, yule kusini, mmoja akimbia, mwingine asimama kusalimu. Ndiyo maana mwanga wa tochi hutawanyika na kufifia.

Mwaka 1917 mwanasayansi Albert Einstein alionyesha kwa hesabu kwamba atomu iliyopanda inaweza pia kuamshwa. Chembe ya nuru ikipita karibu nayo, ikiwa na nguvu ile ile ambayo atomu hiyo ingeitoa, atomu hushuka mara moja na kutoa chembe pacha. Pacha huyo ana rangi ile ile, anaelekea upande ule ule, na hatua zake zinalingana na za mwenzake. Sasa chembe ni mbili. Hizo mbili zikikutana na atomu nyingine mbili zilizopanda huwa nne, kisha nane, na kuendelea.

Kila aliyewahi kusukuma lori lililokwama katika matope anajua habari hii. Watu ishirini wakisukuma kila mmoja kwa wakati wake, lori halitikisiki. Mmoja akiita "Harambee!" na wote wakasukuma kwa pamoja, lori linatoka. Leza ni harambee ya nuru.

Lakini yako masharti mawili. Kwanza, lazima atomu nyingi ziwe juu kuliko zilizo chini, la sivyo zilizo chini zitaimeza nuru badala ya kuizidisha. Kwa hiyo mtambo wa leza lazima upigwe pampu ya nguvu bila kukoma, kwa umeme au kwa taa kali. Pili, nuru irudishwe huku na huko ili iziamshe atomu nyingi zaidi. Kazi hiyo hufanywa na vioo viwili vya kujitazamia vinavyokabiliana. Kimoja hurudisha nuru yote, na cha pili huachia sehemu yake itoke nje. Hiyo inayotoka ndiyo mwali wa leza: mwembamba, ulionyooka, wa rangi moja.

Mtu wa kwanza kufaulu kutengeneza leza alikuwa Theodore Maiman, huko California, Marekani, tarehe 16 Mei 1960. Alitumia kijiti cha rubi, jiwe jekundu, akakizungushia taa kama ile ya wapiga picha. Miaka miwili baadaye zilipatikana leza zilizotengenezwa kwa madini ya namna yanayotumika katika vyombo vya redio. Leza za jamii hiyo ndizo zinazotumika katika mitambo ya simu leo, na moyo wa leza moja ni mdogo kama punje ya chumvi.

Leza hii huwashwa na kuzimwa mabilioni ya mara kwa sekunde. Ikiwaka ni moja, ikizima ni sifuri. Kwa moja na sifuri kompyuta huandika kila kitu: sauti ya mama, picha ya mtoto, na elfu hamsini za kijana wetu.

KIOO CHEMBAMBA KAMA UNYWELE

Nuru hukimbia kwa mstari ulionyooka, na barabara ya Mbarara ina kona nyingi. Vipi basi nuru haitoki nje? Aliyewahi kupiga mbizi ziwani na kutazama juu kwa kuinamisha jicho ameona uso wa maji ukimeta kama kioo cha kujitazamia. Nuru inayotoka majini ikiugonga uso ule kwa ubavu haitoki, bali hurudi chini. Waya wa kioo hutumia kanuni hiyo hiyo. Una kiini cha kioo kimoja na ganda la kioo cha aina nyingine. Nuru ikijaribu kutoka katika kiini hurudishwa ndani na ganda, kilomita baada ya kilomita.

Kazi ngumu ilikuwa kupata kioo safi. Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, walieleza kwamba nuru hupotea kwa sababu ya uchafu uliomo katika kioo, na kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba simu. Mwaka 1970 kiwanda cha Corning huko Marekani kilipata kioo cha kiwango hicho. Mwaka 2009 Kao alipewa Tuzo ya Nobel. Kioo cha leo ni safi kiasi kwamba nuru ya leza ikisafiri kilomita 15, nusu yake bado imo. Baada ya kilomita themanini hivi, hupitishwa katika kipande cha kioo kilichotiwa madini ya ebiamu na kupigwa pampu ya nguvu. Hapo atomu huamshwa na nuru huzidishwa upya. Harambee ile ile tena, safari hii ndani ya waya wenyewe.

Ndani ya kioo nuru hukimbia kilomita laki mbili kwa sekunde. Kutoka Mbarara hadi Kampala, njia ya kilomita 270 hivi, inatumia zaidi kidogo ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kutoka Kampala nyaya huendelea hadi pwani. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari. Kabla ya hapo nchi zetu zilitegemea setilaiti, kwa bei kubwa na kwa mwendo wa pole.

KIOO HAKITUNZI SIRI

Sasa tufike kwenye jambo linalogusa mfuko wetu. Wengi wanadhani kwa kuwa nuru imefungiwa ndani ya kioo, chini ya ardhi, ujumbe uko salama. Si kweli. Mtu mwenye ujuzi akiufikia waya na kuukunja kwa namna fulani, nuru kidogo huvuja na yeye huisoma. Mwaka 2013 nyaraka zilizotolewa na Mmarekani Edward Snowden zilionyesha kwamba idara ya upelelezi ya Uingereza, GCHQ, ilikuwa ikichota habari nyingi mno kutoka nyaya za kioo za kimataifa.

Kwa hiyo usalama hautoki katika waya. Unafanywa katika ncha mbili za safari, kwa kuufumba ujumbe kabla haujaingia njiani. Anayeuchota ataona moja na sifuri zisizo na maana yoyote kwake.

Swali ni hili: kijana wa Mbarara na kompyuta ya Kampala watakubaliana fumbo gani, na njia yote ina masikio? Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, Wamarekani, walitangaza njia. Fikiri hivi: mama anakuletea kufuli lililo wazi, ufunguo amebaki nao Nakivale. Wewe unatia barua katika sanduku na kubana kufuli. Tangu hapo hata wewe huwezi kulifungua. Mbeba sanduku naye hawezi. Ni mama peke yake. Kufuli linaweza kupita mikononi mwa kila mtu bila hasara, mradi ufunguo haujatoka nyumbani.

Kufuli la kompyuta ni la hesabu. Zidisha 61 kwa 53, utapata 3233 kwa dakika moja ukiwa na kalamu. Lakini mtu akikupa 3233 tu na kukuuliza ni namba gani mbili zilizozidishwa, utatoa jasho. Sasa weka namba yenye tarakimu zaidi ya 600. Hakuna kompyuta ya leo inayoweza kuirudisha nyuma kwa muda wa maana. Rivest, Shamir na Adleman walibuni kufuli la namna hii mwaka 1977, na makufuli ya jamii hiyo bado yanatumika.

Linabaki tatizo moja. Nitajuaje kwamba kufuli nililoletewa ni la benki kweli, wala si la mwizi aliyesimama katikati ya njia? Hapa Uganda, mtu akitaka kujulikana huleta barua ya mwenyekiti wa LC yenye muhuri. Kompyuta nazo zina barua zao. Ofisi zinazoaminika hutia muhuri wa hesabu juu ya kufuli la benki, na simu yako huukagua muhuri huo kabla ya kuendelea. Ukiona anwani inaanza kwa herufi https, maana yake barua imekaguliwa na mazungumzo yamefumbwa. Simu ikikuonya kwamba barua ina kasoro, usiendelee.

Hata hivyo, ndugu, tusidanganyike. Kufuli linasema njia imefungwa. Halisemi kwamba aliye upande wa pili ni mtu mwema. Mwizi naye anaweza kufungua duka lake na kulipatia kufuli halali. Kwa hiyo soma jina lote la anwani, herufi kwa herufi.

Na wenye simu ndogo za vitufe, zile za katochi, wajue tofauti. Ukitumia programu ya benki katika simu kubwa, ujumbe hufumbwa kutoka simu yako hadi kompyuta ya benki. Ukitumia namba za nyota na reli, ujumbe hufumbwa hewani kati ya simu na mtandao wa kampuni. Baada ya hapo unategemea ulinzi wa kampuni yenyewe. Huduma hiyo inafaa na imewasaidia wengi, lakini namba yako ya siri ndiyo ngao yake kubwa.

NJIA NDANI YA NJIA

Mwezi Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mtu anayetumia mitandao ya kijamii kama WhatsApp na Facebook. Watu wengi wakaanza kutumia VPN. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2021, lakini VPN zimebaki, na ni vizuri tuzielewe.

VPN ni bahasha ndani ya bahasha. Barua yako hutiwa katika bahasha nyingine iliyofungwa, hupelekwa kwanza kwa mwenye VPN, naye huitoa na kuipeleka mbele. Kampuni ya simu haioni tena unaandikia nani. Lakini mwenye VPN anaona. Umehamisha tu imani yako kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Anayekupa huduma hii bure, kabla hujamshukuru, jiulize yeye anakula wapi.

WEZI HUPITA MLANGONI

Katika safari yote tuliyoifuata, sehemu ngumu kuvunja ni ile ya katikati, penye hesabu na fumbo. Ndiyo maana wezi huiacha na kwenda kwenye ncha. Oktoba 2020 walivamia mfumo wa kampuni iliyokuwa ikiunganisha malipo ya benki na ya simu hapa Uganda, na baadhi ya malipo hayo yakasimamishwa kwa muda. Makufuli ya njiani hayakusaidia, kwani nyumba yenyewe ndiyo iliyoingiliwa.

Ncha nyingine ni sisi wenyewe. Simu inalia: "Mama, nimekutumia fedha kwa makosa, nirudishie." Au: "Napiga kutoka ofisi ya kampuni, nisomee namba uliyotumiwa sasa hivi." Mtu huyu hana kompyuta kubwa wala ujuzi wa leza. Ana sauti tamu tu. Ukimpa namba ya siri, umempa ufunguo, na kompyuta itamtii kama wewe. Mshahara wa mwezi mzima hutoka kwa dakika moja, tena kwa njia iliyofungwa vizuri kabisa.

Kwa hiyo tushike mambo haya:

Kwanza, namba ya siri haisomwi kwa mtu yeyote, awe wakala, karani, msimamizi wa kazi au anayejiita wa kampuni. Mwenye haki ya kuijua ni wewe peke yako.

Pili, aliyekupigia na kudai ametuma kwa makosa, usimrudishie kitu kabla hujatazama salio lako mwenyewe. Kisha mwambie aende kwa kampuni yake. Waelezeni pia wazee wetu nyumbani na Nakivale, kwa sababu wezi huwatafuta wao.

Tatu, viongozi wa matawi wamwulize mwajiri orodha ya mishahara inatumwaje, nani anaiona, na alama za vidole zinazochukuliwa getini zinawekwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kujua taarifa zake zinazowekwa na kutaka zilizokosewa zisahihishwe. Jambo hili ni zito zaidi kwa wenzetu wakimbizi, ambao mwaka 2018 walihakikiwa upya nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho. Neno la siri likiibwa hubadilishwa. Kidole hakibadilishwi. Na mtu aliyekimbia ili asionekane hana budi kujua nani ana orodha yenye jina lake.

Nne, kwa wanaofanya kazi na leza zenyewe, iwe katika nyaya au katika mashine za kuandika tarehe juu ya chupa: nuru ya leza ya waya wa kioo haionekani kwa macho, lakini inaweza kuyadhuru. Usichungulie ncha ya waya hata kama unadhani umezimwa. Leza hupangwa katika madaraja kuanzia 1 hadi 4, na ya 4 ndiyo ya hatari kuliko zote. Soma kibandiko cha mashine, dai miwani inayofaa, na usikubali kufanya kazi mashine ikiwa imeondolewa kinga yake. Vipande vya kioo vilivyokatwa viwekwe katika chombo chenye kifuniko, kwa sababu huingia mwilini kama mwiba na havionekani.

Ndugu wafanyakazi, nuru hubeba ujumbe wetu, na hesabu huufunga. Kazi hizo mbili zimefanywa na mafundi wa mbali na karibu, nao wamezifanya vizuri. Kazi ya tatu, ya kulinda mlango, imebaki kwetu. Tuifanye kama tulivyokuwa tukihesabu noti zetu mbele ya dirisha la karani: taratibu, kwa macho mawili, na bila kumwonea haya mtu.